Taa za Rangi ya Asali

Shemeji yangu ni mtu ambaye ukimwonyesha jeneza atauliza kama lipo la rangi nyingine. Simsingizii. Kabla hajateuliwa kuwa Mkurugenzi wa kituo chetu cha utafiti wa viumbe wa majini alikuwa meneja wa hoteli, na mpaka leo akili yake haijahama: imekaa palepale nyuma ya kaunta, imefunga tai, inasubiri mgeni. Ndiyo maana nilimbandika jina la Mapokezi. Wafanyakazi wote wanalijua. Yeye mwenyewe analijua. Hata mke wake, ambaye ni mdogo wangu wa tumbo moja, limeshamponyoka mdomoni siku wakigombana.

Mimi nao wananiita Mama Mapezi, na sijali. Nimefanya kazi kwenye Nyumba ya Samaki tangu mabati yake yakiwa mapya. Wakurugenzi wamekuja na kuondoka, kila mmoja na mapazia yake, na wote niliwaona wakiingia mle ndani na kitambaa puani. Ni chumba kirefu chenye sakafu ya saruji isiyokauka, kinanuka mwani na kutu, na mapovu yanagugumia mchana kutwa. Mtu akilalamika kuhusu harufu nilikuwa namwonyesha mlango.

Humo ndani palikuwa na viumbe ninaowaheshimu kuliko watu wengi ninaowafahamu, na kila mmoja wao hazidi kidole cha kati. Walikuwa aina mbili. Madume wa aina ya kwanza walikuwa wekundu kabisa, na madume wa aina ya pili walikuwa wa buluu. Majike wao wote wamevaa rangi ya udongo, ila majike wa wekundu wana mstari mwembamba wa manjano kwenye pezi la mkia, ambao mtu mwenye haraka hauoni.

Zamani, zamani sana, hao wote walikuwa samaki wa aina moja katika ziwa moja. Ziwa lina kina, na maji yake yana chembe zinazomeza buluu kwanza. Karibu na juu mwanga una rangi zake zote, lakini kule chini unaobaki ni ule mwekundu. Majike waliozoea kuishi chini wakawa na macho yanayomwona mwekundu vizuri zaidi, basi wakamchagua mwekundu. Wa juu wakamchagua buluu. Binti akarithi macho ya mama yake, na mwana akarithi rangi ya baba yake, na vizazi vikapita visivyo na idadi, hadi ikawa wa huku na wa kule hawaoani kabisa. Hapakuwa na ukuta kati yao wala kizuizi chochote. Jike alimtazama dume, akaona huyu si wa kwetu, akapita zake. Spishi mbili zilishikiliwa na jambo hilo tu.

Halafu wakaja binadamu, na ujuaji wao. Wakafyeka miti yote ya vilimani, mvua ikasomba udongo ikaumwaga ziwani, na maji yakawa kama chai ya maziwa. Ndani ya maji ya namna hiyo mwekundu ni kivuli na buluu naye ni kivuli. Majike wakaanza kuolewa gizani. Watu wanafikiri kutoweka ni mizoga kuelea na tai kuzunguka angani. Wapi! Hakufa hata mmoja. Walioana mpaka wakaisha. Leo ukitupa wavu kule ziwani unatoa samaki wa kijivu, wanono, wazima kabisa, wamejaa tele, na hakuna kati yao aliye mwekundu wala aliye buluu. Waliobaki na damu yao safi duniani walikuwa ni wangu, mle ndani.

Sasa mkabidhi Mapokezi kitu kama hicho.

Alipoingia tu, alitaka matangi yavunjwe, wawekwe wote kwenye tangi moja kubwa la kioo, kwa sababu mgeni anapenda kuona rangi zimechanganyika. Hilo nilimkubalia. Chini ya taa nyeupe hawana shida, hata ziwani waliishi pamoja, na kusema kweli nilifurahi kuwaona wakipishana kama majirani wanaojuana. Nilibandika karatasi moja tu ukutani kwa herufi kubwa: TAA ZISIGUSWE.

Akaja akaisoma, mikono nyuma.

"Shemeji, kwa nini taa zisiguswe?"

"Kwa sababu nimesema."

"Najua umesema. Nauliza sababu. Nataka kuelewa."

"Sababu ni ndefu kuliko orodha ya vyakula ya hotelini kwako," nikamwambia. "Hutafika mwisho."

Akacheka kidogo, kicheko kile cha kumpokelea mgeni mlevi, akaenda zake. Hakuuliza tena. Mtu wa namna hiyo unamweleza nini? Ungeanza na macho ya samaki, yeye angekuuliza kama yanaweza kuonekana vizuri kwenye picha.

Kilichoniondoa pale ni Mwenye Vigae. Huyu alikuwa na kiwanda cha vigae na tumbo la kufanana nacho. Alikuwa amekarabati vyoo vya kituo bure, na shukrani aliyoitaka ni samaki mmoja apewe jina lake, la kitaalamu, liandikwe vitabuni. Mapokezi alimleta Nyumba ya Samaki akimtembeza kama bibi harusi. Mzee akasimama mbele ya kioo, akaniuliza ni yupi kati yao bado hana jina.

"Hawa wote wanayo," nikamjibu. "Ila tuna mmoja wa topeni, anameza kila kinachoanguka chini na hajui kunyamaza. Huyo ningekupa, lakini naye tayari anaitwa kambale."

Wiki hiyohiyo nikapewa barua ya uhamisho wa muda. Mwaka mzima kwenye mabwawa ya perege, mbali, nikiwarushia pumba samaki wasio na siri yoyote. Mdogo wangu alinipigia simu akaniambia mume wake amejitahidi sana, kwamba Mwenye Vigae alitaka nifukuzwe kazi. Nikamwambia ampe mume wake shukrani zangu kwenye sinia la dhahabu. Akakata simu.

Siku niliyorudi nilikwenda moja kwa moja Nyumba ya Samaki, hata begi sijalitua. Nilifungua mlango nikadhani nimekosea jengo. Sakafu ilikuwa na vigae. Matangi yangu ya akiba yalikuwa yameondolewa na mahali pake pamewekwa viti vya kulala chali na meza ndogo za kioo. Na juu ya tangi kubwa, taa zangu nyeupe zilikuwa zimeng'olewa. Zilikuwa zinaning'inia taa za rangi ya asali, zile zile za kumbi za hoteli, zinazomfanya hata mgonjwa aonekane ametoka likizo. Chumba kizima kilikuwa kimetulia ndani ya asali hiyo, na ile karatasi yangu ilikuwa haipo.

"Karibu nyumbani!" Mapokezi alitokea nyuma yangu, mikono wazi. "Shemeji, angalia. Angalia tu. Wamezaana! Enzi zako walikuwa wachache, wakali, wanajificha. Sasa ona. Mamia! Nimeandika kwenye ripoti, idadi imepanda mara tano. Walikuwa wanahitaji mazingira tu."

Nilitoa tochi yangu kwenye begi, ile ya mwanga mweupe, nikaiwasha nikaisogeza kwenye kioo.

Kijivu. Wanono, wachangamfu, wamejipanga mbele yangu kama watoto wa shule wanaosubiri uji, na wote wana rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Nikahamisha tochi kulia. Kijivu. Kushoto. Kijivu chenye doa la wekundu ubavuni, kama nguo iliyofuliwa na nyingine inayochuja. Nilikaa juu ya begi langu.

"Umewamaliza," nikasema.

"Nimemmaliza nani? Si hao wako hai?"

"Umemaliza spishi mbili."

Akachungulia ndani ya tangi kwa bidii, akitafuta maiti.

"Ndio wapi hao?" akauliza.

Nilimtukana. Sitarudia maneno yenyewe, maana mengine hata mimi sikujua kwamba ninayo. Alisimama akinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akasema atanipa siku mbili za kupumzika, kwa kuwa safari huchosha. Hivyo ndivyo alivyo. Ukimtemea mate atakuletea taulo.

Sikupumzika. Nilishika tochi na wavu, nikawapitia wote, mmoja baada ya mwingine, nikiwatafuta wazee waliozaliwa kabla ya zile taa. Buluu sikumpata hata mmoja; wazee wao walikwisha kufa mwaka ule nisipokuwepo. Ukoo mzima ulikuwa umekwenda, na mtu aliyeufuta alikuwa ofisini anachagua rangi ya vitambaa vya meza. Lakini chini kabisa, nyuma ya bomba la chujio, nilimkuta dume mwekundu, kizee, pezi limechanika, amejibanza. Na siku iliyofuata nikamwona jike wa makamo mwenye mstari wa manjano mkiani.

Niliwatengea kona kwa kipande cha kioo, nikaleta taa nyeupe ya mezani kwangu nikaifunga juu yao. Ukiingia chumbani uliona bahari ya asali, na pembeni kule weupe mdogo kama dirisha la jikoni. Nikakaa chini nikasubiri. Jike akatoka, akaogelea akiwa wima kidogo, akatazama. Yule mzee akafungua mapezi yake, lile lililochanika na lile zima, akatetemeka mbele yake kama kijana. Jike akamkazia macho. Hakupita. Sioni haya kusema kwamba nililia.

Alitaga na kuyaokota mayai yake yote mdomoni, kama desturi yao. Huko ndiko watoto hukulia, ndani ya kinywa cha mama. Wiki tatu hafungui mdomo isipokuwa kupumua, hagusi chakula hata ukimwekea mbele ya pua, anakonda huku mashavu yamemvimba. Ukiona anakula, jua hana kitu mdomoni. Na hahamishwi, maana akitishika huyatema au huyameza, na akimeza amemeza. Baba mtu alikufa siku chache baadaye. Nilimkuta amelala ubavu. Kwa hiyo wekundu wote wa dunia hii, waliokuwepo na watakaokuwepo, walikuwa ndani ya mdomo mmoja nisioweza kuutia hata kidole changu.

Na Mapokezi akatangaza sherehe.

Alikuwa amealika wakubwa wa wizara, waandishi wa habari, na Mwenye Vigae kama mgeni wa heshima, waje kushangilia samaki walioongezeka mara tano. Sherehe ya alasiri, Nyumba ya Samaki, katikati ya zile wiki tatu. Nilikwenda nyumbani kwake siku ya mapumziko kumwambia haiwezekani. Alikuwa sebuleni anajaribu tai. Mdogo wangu alikuwa anakunja nguo.

"Kadi zimeshatoka, shemeji," akasema. "Siwezi kuzirudisha. Na hiyo taa yako ya kona inaharibu mandhari nzima, watu watafikiri kuna fundi kasahau kitu. Lakini sawa. Ibaki. Samaki wako abaki, taa yako ibaki. Sharti langu ni moja. Wewe simama pale penye hiyo kona, tabasamu, mgeni akiuliza jibu vizuri, na usimtusi mtu. Saa moja tu."

"Na akigonga kioo?"

"Nitakuwa karibu. Nitamwondoa. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, kumwondoa mgeni mahali bila yeye kujua ameondolewa."

Nilifungua mdomo kumwambia kazi hiyo ilivyo. Mdogo wangu akaliweka shati chini.

"Dada. Huyo samaki si ndiye uliyenisimulia, kwamba anafunga mdomo wiki tatu, hali, hanywi, kwa ajili ya watoto wake?"

"Ndiye."

"Basi na wewe funga wako saa moja. Kwa ajili yao haohao."

Alisema bila ukali wowote, akalichukua shati akaendelea kukunja. Niliudhika njia nzima ya kurudi.

Siku ikafika. Nilivaa gauni la kwenda kwenye misiba, maana ndilo pekee lililopigwa pasi, nikasimama kwenye kona yangu mgongo kwa kioo. Wageni wakaingia wakinukia. Walitembea juu ya vile vigae na vinywaji mikononi, wakisifia mwanga. Hakuna hata mmoja aliyewasifia samaki wenyewe. Ofisa mmoja wa wizara aliniuliza kama wanaliwa. Nikatabasamu, nikamwambia hapana mheshimiwa, ni wadogo mno. Mwingine akauliza kwa nini wote ni wa kijivu wakati kwenye kadi wamechorwa wekundu na buluu. Ulimi ulinicheza kinywani kama kitu kilichonaswa wavuni. Nikasema ni swali zuri sana.

Mapokezi aliniona kutoka mbali. Akaninyanyulia dole gumba.

Kisha akaja Mwenye Vigae, amezeeka kidogo, tumbo likimtangulia, waandishi wawili na kamera zao nyuma yake. Alinikumbuka. Niliona kwenye macho kwamba amenikumbuka, na kwamba anafurahia kuniona nimepangwa ukutani kama chombo cha maua.

"Aa, bibi wa kambale," akasema. "Habari za siku?"

"Njema, mzee. Karibu sana."

"Na huyu mbona yuko peke yake? Kavimba mashavu. Mgonjwa?"

"Hapana, mzee. Ana mayai mdomoni. Anawalea watoto wake."

"Mdomoni! Sasa anaongeaje?" Akawageukia waandishi. "Huyu angemfaa mume yeyote. Jike aliyefunga mdomo! Wa kwangu nyumbani hajawahi kuufunga tangu siku ya ndoa."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, nikatoa sauti ya kucheka. Akanyoosha mkono, akagonga kioo kwa pete yake. Ko, ko, ko. Nyuma yangu nilimhisi samaki wangu akirudi nyuma hadi penye bomba.

"Geuka basi, mama, upigwe picha," mzee akamwambia, akagonga tena.

Nilimwona Mapokezi akija. Alikuwa anapenya katikati ya watu kwa ule mwendo wake wa kuteleza, tabasamu limeshawashwa, mkono umeshanyooshwa kuelekea kiwiko cha mgeni, na alikuwa anasema, "Mzee, kuna kitu huku nilitaka ukione wewe wa kwanza." Hatua chache tu zilibaki. Angemwondoa. Leo ninajua kabisa kwamba angemwondoa, na mzee asingejua ameondolewa.

Lakini mimi nikafungua mdomo.

"Mzee," nikasema, na sauti yangu ilifika hadi mlangoni, "huyu samaki imemchukua maelfu ya miaka kuwa alivyo. Wewe umepewa sabini, na hadi sasa hatujui wewe ni aina gani. Una shingo ya kasa na ulaji wa kambale, na pale ambapo wengine wana ubongo nadhani kuna kigae, tena kimoja, tena cha daraja la pili, maana vile ulivyotupa vya choo vimeshabanduka."

Mtu mmoja huko nyuma akapasuka kwa kicheko, na wengine wakafuata. Walicheka wakubwa wa wizara wakiziba midomo. Walicheka wafanyakazi wangu waliobeba sinia. Kamera zikawaka, pa, pa, pa, na mimi nimesimama pale kidevu juu. Ilikuwa tamu. Sijawahi kuonja kitu kitamu namna ile. Mwaka mzima wa perege, ile asali yao, kile kijivu, vyote nilivitema usoni mwa mtu mmoja, naye akabadilika rangi mbele ya macho yangu.

Akarudi nyuma kama aliyechomwa. Tumbo lake au mgongo wake, sijui, ukasukuma meza ya vinywaji, na meza ya vinywaji ikaja moja kwa moja ikagonga tangi kwa kishindo. Glasi zikamwagika. Mwanamke mmoja akapiga kelele. Kamera zikaendelea kuwaka, sasa kwenye kioo chenyewe, karibu kabisa, na Mapokezi alikuwa amepiga magoti katikati ya vipande vya glasi, ameikumbatia meza isigonge mara ya pili.

Kioo hakikupasuka. Hilo ndilo kila mtu alilolisema wakati wa kutoka, kwamba afadhali kioo hakikupasuka.

Walipokwisha kuondoka wote nilisogeza kiti mbele ya kona. Jike alikuwa amejibanza nyuma ya bomba, upande wa mkia ndio niliouona, ule mstari wa manjano. Nilimsubiri ageuke, hakugeuka. Nikajiambia yuko salama. Nikajiambia viumbe hawa wameona mamba, wameona dhoruba, hawawezi kushindwa na meza.

Mapokezi akaingia na ufagio. Alikuwa amefungua tai, na mkono mmoja ameuzungushia leso yenye damu. Nilijiweka tayari. Nilikuwa na majibu ya kutosha kwa lolote atakalolisema. Lakini alifagia vipande vya glasi, taratibu, kona hadi kona, akavizoa, halafu akachukua ndoo akaigeuza akakaa karibu nami.

"Shemeji," akasema. "Mimi si mtu wa sayansi, wewe unajua. Lakini niambie tu. Zile taa zina nini?"

Nilikuwa nimechoka mno kutafuta tusi. Nikamwambia. Nikasema hawa walikuwa aina mbili, na jike huchagua dume kwa rangi. Nikasema mwanga wa asali unafuta rangi, jike hamjui wake ni yupi, anaolewa na yeyote, na watoto wao si huyu wala si yule. Ilikuwa imekwisha. Hata orodha ya vinywaji ni ndefu kuliko hivyo.

Alizitazama taa zake.

"Kama kuondoa namba milangoni," akasema. "Hoteli nzima. Kila mgeni anaingia chumba cha mwenzake."

"Ndiyo. Kama hivyo."

"Sasa hilo nalo ni gumu?" Akanigeukia, na hakuwa na hasira, alikuwa anashangaa tu. "Si ungeniambia siku ile, shemeji? Nisingeziweka kabisa. Zilinisumbua hata kuzipata."

Nilitafuta la kumjibu. Nimekuwa na jibu kwa kila mtu aliyewahi kuingia chumba kile, na kwa huyu nilikuwa na majibu kibao kila nilipomwona tangu siku ya posa. Nilitafuta nisilipate.

Akasimama, akakung'uta suruali. Nadhani alitaka kunifariji, na njia ya kumfariji mtu anayoijua yeye ni moja, kwa hiyo aliufungua mkebe wa chakula cha samaki uliokuwa juu ya tangi, akachukua kiasi kidogo kwa ncha za vidole vyake, akakinyunyiza kule kwenye kona, chini ya taa nyeupe.

Jike akatoka nyuma ya bomba. Akapanda juu polepole, mashavu yamelala bapa, safi, akafungua mdomo.

"Anakula!" Mapokezi akasema, na uso wake wote ukachangamka. "Shemeji, tazama, anakula! Tena kwa hamu. Basi hajambo, si ndiyo?"

Alikuwa amenishika bega kwa mkono ule wenye leso. Kwa mara ya kwanza tangu alipooa kwetu, nilimjibu vizuri.

"Ndiyo, shemeji," nikasema. "Anakula."